Kilichobaki Baada ya Kutu

Mustang ya mwaka 1965 huanza kuoza pale ambapo jicho halifiki. Chini ya kioo cha mbele kuna sanduku la bati la kupitishia hewa, na maji ya mvua huingia humo pamoja na majani makavu. Majani hushika unyevu, bati hutoboka polepole, na siku moja dereva anakuta zulia limelowa miguuni pake asijue maji yametoka wapi. Akishaona tundu moja sakafuni, mengine yapo asikoweza kuona: ndani ya vizingiti vya milango, kwenye sakafu ya buti, kwenye kingo za matao ya magurudumu ya nyuma.

Ndivyo yalivyo magari mengi ambayo Wamarekani huyaita ya misuli, yale ya injini kubwa ndani ya bodi ya wastani, yaliyoshika kasi tangu zilipotoka Pontiac GTO ya modeli ya mwaka 1964 na Mustang. Yalizaliwa katika nchi inayomwaga chumvi barabarani kila majira ya baridi ili kuyeyusha barafu. Chini ya jiji la Detroit lenyewe kuna machimbo ya chumvi. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri, na kutu ni jambo la umeme unaopita kwenye chuma kilicholowa. Ikishakaa kati ya mabati mawili huchukua nafasi kubwa kuliko ile ya chuma ilichokula, ikayatanua mpaka yaachane. Kiwanda hakikuyakinga kwa zinki kama Porsche ilivyofanya kwa 911 katikati ya miaka ya 1970 au Audi ilivyofanya kwa 100 katikati ya miaka ya 1980. Gari lilitakiwa liuzwe, na mwakani liuzwe lingine.

Leo magari hayo yanapendwa kuliko yalipokuwa mapya, na kuyaponya ni kuyakata. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo ni la kale kuliko gari. Mwandishi wa kale Plutarch alisimulia merikebu ya shujaa Theseus, ambayo Waathene waliitunza kwa kuondoa mbao zilizooza na kuweka nyingine, hadi wanafalsafa wakabishana kama ni ile ile. Mwaka 1655 mwanafalsafa Thomas Hobbes akauliza: mtu akiziokota mbao kuukuu zote akaunda nazo merikebu ya pili, ipi itakuwa ya Theseus? Kwa Hobbes hilo lilikuwa zoezi la akili. Kwa mnunuzi wa Mustang au Chevrolet Camaro ni jambo la sokoni, kwa sababu bodi nzima mpya za magari hayo zinauzwa. Mwaka 2011 Ford yenyewe ilitangaza bodi mpya ya Mustang ya wazi ya miaka ile, iliyotengenezwa kwa leseni yake. Unaweza kununua gari tupu lisilowahi kuona mvua, ukahamishia ndani yake injini, viti na taa za gari lililokwisha kuwa majivu ya kutu.

Mimi sioni jibu katika chuma, wala silioni katika namba ya chesisi. Nalitafuta katika kazi: nani alikata, alikata kiasi gani, na kama atakayekuja baadaye ataweza kuusoma mkato ule. Ili nieleweke, inabidi kwanza tuitazame kazi yenyewe kwa karibu.

Chukua ubavu wa nyuma wa Mustang, bati refu linaloanzia kwenye nguzo ya mlango, likapanda hadi paani, likaishia kwenye taa za nyuma. Fundi mwenye haraka huanza na grinda. Fundi anayejua huanza na mabomba ya chuma: anachomelea mihimili ya muda katika uwazi wa mlango, kwa sababu gari hili halina fremu ya kujitegemea. Nguvu yake imo katika mabati yaliyoungana, na ukitoa moja, mengine hulegea. Kisha anakwangua rangi mpaka azione nukta za kiwandani, vile viduara vidogo ambapo mashine iliyabana mabati mawili na kuyayeyusha kwa umeme. Kila nukta hutobolewa kwa drili yenye jino maalumu linalokata bati la juu na kuliacha la chini salama. Patasi nyembamba hupita kati yake, ubavu unaachia inchi kwa inchi, na ndani unakutana na vumbi jekundu lililokuwa likilala humo tangu enzi za Rais Johnson.

Ubavu unapokutana na paa, drili haitoshi. Kiwanda kiliuziba muungano ule kwa risasi iliyoyeyushwa, ikalainishwa hadi mshono ukatoweka chini ya rangi. Risasi hiyo huyeyushwa tena kwa moto mdogo na kufutwa. Haiguswi kwa grinda, kwani vumbi lake ni sumu.

Halafu linakuja bati jipya. Mengi hukandamizwa Taiwan kwa kuiga umbo la zamani, na si mengi yanayokaa sawasawa siku ya kwanza. Fundi hulishika kwa vibano na skrubu, akafunga mlango, akafunga buti, akapima upenyo kuanzia juu hadi chini. Analitoa, analipunguza, analirudisha. Mlango usipokaa sawa kabla ya moto hautakaa sawa baada ya moto. Akiridhika ndipo huchomelea, nukta moja hapa na nyingine mbali na hapo, akisubiri chuma kipoe, maana bati lisilofika unene wa milimita moja likipata joto mfululizo hujikunja na halinyooki tena bila nyundo nyingi.

Mafundi wamegawanyika kuhusu kiasi cha kukata. Kuna wanaobadilisha ubavu mzima kwa sababu mshono wake utaangukia pale pale ulipokuwa wa kiwanda na hakuna atakayeugundua. Kuna wanaokata sehemu iliyooza tu, labda upana wa kiganja juu ya tao la gurudumu, wakaweka kiraka kilichokutanishwa ukingo kwa ukingo. Mimi nipo na hawa wa pili, na sisemi hivyo kwa kuwa kazi yao ni rahisi. Ni ngumu zaidi: kiraka katikati ya bati pana kikipata joto kidogo kupita kiasi huleta mawimbi ubavu mzima, na anayekwepa ugumu huo kwa kulaza bati juu ya bati ameijengea kutu nyumba mpya. Lakini anayeng'oa ubavu mzima kwa ajili ya kutu ya kiganja kimoja ametupa mstari wa paa, risasi ya kiwanda na nukta za mashine ambazo hazikuwa na kosa lolote.

Utamaduni wa maonyesho ya magari Marekani umechagua kuficha. Nukta mpya huchomelewa kwa kujaza matundu, zikasagwa zifanane na za mashine. Wapo wanaorudishia hata alama za chaki na kalamu walizochora wakaguzi wa kiwanda, na michirizi ya rangi iliyodondoka kwa bahati mbaya mwaka 1969. Nawastahi kwa ujuzi huo. Hata hivyo kinachotengenezwa hapo ni siku moja tu ya maisha ya gari, siku liliyotoka kiwandani, na miaka yote iliyofuata imefutwa pamoja na kutu.

Soko lenyewe limetoa ushahidi dhidi ya desturi hii. Januari 2020, mjini Kissimmee, Florida, Mustang ya kijani aliyoiendesha Steve McQueen katika filamu ya Bullitt ya mwaka 1968 ilinadiwa kwa dola milioni 3.4 kabla ya ada. Ilikuwa imekaa na familia moja tangu 1974, mke akiitumia kwenda kazini, na haikuwa imerudishwa upya. Rangi ilikuwa imechakaa na kutu ilionekana wazi.

Mwezi mmoja baada ya Mustang kuzinduliwa Aprili 1964, wasanifu na wahifadhi wa majengo walikutana Venice na kuandika mkataba wa uhifadhi. Kifungu cha 12 kinataka sehemu mpya ziendane na jengo zima lakini ziweze kutofautishwa na za asili, ili ukarabati usiighushi historia. Kanuni hiyo iliandikwa kwa ajili ya mawe, na chuma inakifaa kabisa. Uso wa nje wa ubavu unaweza kung'aa upendavyo, huku mshono wa ndani, ndani ya buti, ukiachwa bila kusagwa, na picha za kila hatua zikihifadhiwa pamoja na hati za gari.

Lakini Venice inatoka katika dunia ya majengo yaliyokusudiwa kudumu. Japani ina hekalu la Ise, ambalo kwa desturi hujengwa upya kila baada ya miaka 20 kwenye kiwanja cha jirani, kwa mbao mpya za mti wa hinoki. Desturi hiyo ilianza mwaka 690, ikakatizwa kwa zaidi ya miaka 100 wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na ujenzi wa 62 ulikamilika mwaka 2013. Hakuna anayesema hekalu la Ise ni la bandia. Kinacholindwa ni umbo pamoja na mikono: kijana anayebeba mbao katika ujenzi mmoja husimamia kazi katika unaofuata. Mwaka 1994 wataalamu waliokutana Nara, huko huko Japani, walikubali kwamba uasilia haupimwi kwa kipimo kimoja duniani kote, na kwamba mapokeo na ufundi navyo ni ushahidi.

Wauzaji wa bodi mpya za Mustang wangependa kujificha nyuma ya Ise. Siwakubalii. Bodi iliyokandamizwa na mashine haimfundishi mtu chochote kuhusu namna ya kuliunda bati. Na Ise haitupi la zamani: nguzo kubwa za kushikilia paa huchongwa upya zikawa malango kwenye daraja la Uji, na baadaye hupelekwa mahali pengine tena. Mti unaendelea kufanya kazi. Ubavu wa Mustang uliong'olewa huishia kwenye pipa la vyuma chakavu.

Pwani yetu ina somo ambalo kwangu ndilo lililo karibu zaidi na Mustang. Mtepe, chombo cha baharini cha visiwa vya kaskazini mwa Lamu, haukupigiliwa misumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi kupitia matundu yaliyotobolewa kwa keekee, zikaunganishwa kwanza, na mataruma yakafuata. Kwa hiyo nguvu ya chombo ilikuwa katika ngozi yake, kama ilivyo nguvu ya Mustang, na ubao uliooza ulitolewa kwa kukata mishono yake, kama ubavu unavyotolewa kwa kutoboa nukta. Mshono ulijulikana tangu mwanzo kuwa ni kitu cha kurudiwa. Waundaji wa mtepe hawakuona sababu ya kuuficha: ulikuwa pale, umekaza, kila baharia akiujua.

Jahazi la misumari lililobaki baada ya mtepe kutoweka limerithi mtazamo huo. Maji ya bamvua yakilipandisha pwani, kupwa kukaliacha kavu, mafundi hupita ubao kwa ubao, wakagonga na kusikiliza. Palipooza panakatwa. Nyufa zinakalafatiwa kwa pamba, chini ya maji hupakwa shahamu iliyochanganywa na chokaa, juu hupakwa mafuta ya sifa. Hakuna anayeuliza kama jahazi ni lile lile, maana jina lake lipo, nahodha yupo, na linarudi baharini bamvua lijalo. Mafundi wa Havana wanaelewa hivyo pia. Vikwazo vya Marekani viliwaachia magari ya miaka ya 1950 bila vipuri, wakagonga mabati kwa mkono na kufunga injini za dizeli kutoka kwingine ili teksi isikose abiria. Na fundi wa bodi wa Gerezani, Dar es Salaam, anayelikunja bati bapa mpaka liwe madigadi ya gari ambalo vipuri vyake havipatikani tena, ana ujuzi ambao karakana nyingi za Marekani zimeuacha tangu mabati ya tayari yalipoanza kuuzwa.

Sitaki kusema kila Mustang itunzwe kama jahazi. Gari lisilokwenda popote, lililo la mwisho la aina yake, linastahili uangalifu wa Venice. Ila magari yanayoendeshwa, na Mustang zilitoka kwa mamia ya maelfu, yatahitaji mabati tena, na atakayeyafungua atashukuru akikuta mshono anaoweza kuusoma.

Kuna jambo moja ambalo Lamu na Ise hazina: namba ya chesisi. Katika Mustang ya miaka ile imegongwa kwenye bati la ndani la upande wa kushoto mbele, nalo huoza kama mengine. Sheria ya shirikisho ya Marekani kwa jumla inakataza kuing'oa au kuibadilisha, kwa sababu ya wezi. Huko Kansas, Corvette ya mwaka 1959 ilikamatwa mwaka 2017 kwa kuwa kibati cha namba kilikuwa kimetolewa na kurudishwa wakati wa matengenezo, na mwenye gari akakaa miaka bila gari lake. Mwaka 2022 jimbo hilo lilirekebisha sheria ili kumruhusu anayekitoa kibati kwa ajili ya kulitengeneza gari kuukuu. Naliona hilo kuwa haki, maana hata namba haiwezi kutunzwa mpaka mkono wa fundi uruhusiwe kuigusa.

Mustang ya pili ya Bullitt, ile ya kurukia vilima, ilionekana mwaka 2017 katika rasi ya Baja California, Mexico, ikiwa imeoza na kupakwa rangi nyeupe. Mtu alikuwa akiigeuza ifanane na Mustang ya filamu nyingine. Namba ilithibitisha, lakini kilichowafanya watu waitazame mara ya pili ni kazi ya mafundi wa filamu: minara ya springi iliyoimarishwa ili gari listahimili kuruka, na matundu yaliyotobolewa kwenye buti kwa ajili ya vifaa. Mrudishaji wa kawaida, aliyefundishwa kulirudisha gari kuwa kama lilivyotoka kiwandani, angeyaziba matundu yale na kuisaga minara ile katika wiki ya kwanza ya kazi.