Ushuru wa ULA

Ushuru wa ULA ni ushuru wa manispaa unaotozwa na Jiji la Los Angeles, Marekani, pale nyumba, jengo au kiwanja cha bei kubwa kinapouzwa, ili kugharimia makazi ya watu wa kipato cha chini. Ulipitishwa kwa kura ya wananchi Novemba 2022 na kuanza kutozwa tarehe 1 Aprili 2023. Viwango vya awali vilikuwa asilimia 4 kwa mauzo yaliyozidi dola milioni 5, na asilimia 5.5 kuanzia milioni 10; mipaka hiyo hurekebishwa kila mwaka kufuata mfumuko wa bei. Hukokotolewa kwa bei yote ya mauzo, si kwa faida, hivyo hata anayeuza kwa hasara hulipa. Umezoeleka kuitwa “ushuru wa majumba ya kifahari”, jina lisilo sahihi sana, kwani unagusa pia maduka, maghala na majengo ya kupangisha.

Sehemu kubwa ya mapato hutengwa kwa ujenzi na uhifadhi wa nyumba nafuu. Fungu la kuzuia ukosefu wa makazi hugharimia msaada wa dharura kwa wapangaji wenye malimbikizo ya kodi ya nyumba, ruzuku kwa wazee na watu wenye ulemavu walio hatarini kupoteza makazi, na mawakili wa wanaokabiliwa na kesi za kufukuzwa.