Wakili aliyemshtaki mfalme kwa barua

Kesi za Wakenya zilipofika Hague mnamo 2011, msamiati mmoja uliingia mpaka kwenye vibanda vya chai: uhalifu dhidi ya binadamu. Ukiuliza maneno hayo yalitoka wapi, wengi watakutajia kesi za Nuremberg za 1945. Si uongo, ila yupo mtu aliyeyatumia mapema zaidi, tena kuhusu bara letu.

Mtu huyo ni George Washington Williams, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Pennsylvania mwaka wa 1849. Alijiunga na jeshi akiwa na miaka 14 tu, akapigana upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Baadaye aliingia Kikosi cha 10 cha askari wa farasi, kilichokuwa cha weusi. Mwaka wa 1868 aliachishwa kazi kwa sababu ya jeraha la risasi kwenye pafu.

Wengine wangekata tamaa. Yeye alirudi darasani, akawa mchungaji, kisha akasomea sheria Cincinnati na kuwa wakili. Mnamo 1879 alichaguliwa kuingia bunge la jimbo la Ohio, mweusi wa kwanza kufika humo. Aliandika pia historia ya watu weusi wa Marekani kwa majuzuu mawili.

Mwaka wa 1890 alifunga safari kwenda Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili, akiamini huko kuna ustaarabu na kazi kwa weusi wenzake. Alichokikuta, lo! Akiwa Stanley Falls, ambako leo ni Kisangani na Kiswahili kinasemwa kila kona, alimwandikia mfalme barua ya wazi mnamo Julai 18.

Hebu tazama ilivyojengwa. Ni hati ya mashtaka hasa, yenye mashtaka 12 yaliyopangwa moja baada ya jingine. Anaeleza jinsi machifu walivyohadaiwa watoe ardhi: mzungu alificha betri chini ya koti, na chifu akipewa mkono alitetemeshwa na umeme akadhani ni nguvu za mgeni. Anaishtaki serikali hiyo, iliyojidai kupiga vita utumwa, kwa kununua watumwa kwa pauni 3 kila mmoja iwafanye askari. Anadai tume ya kimataifa ichunguze. Miezi miwili baadaye, akimwandikia waziri wa mambo ya nje wa Marekani, ndipo alipotumia yale maneno.

Watetezi wa Leopold walimshambulia mwandishi. Na kweli alikuwa na kasoro: alijiita Kanali, cheo ambacho jeshi la Marekani halikumpa. Lakini je, cheo cha uongo kinafuta ushahidi wa kweli?

Williams alifariki Blackpool, Uingereza, Agosti 1891, akiwa na miaka 41. Leopold alinyang'anywa Kongo mnamo 1908 tu, baada ya wengine kusema yale yale. Kaburi la wakili huyu lilikaa bila jiwe la jina hadi mwanahistoria John Hope Franklin alipolitafuta katika miaka ya 1970.

Nawaomba watafsiri wenzangu: barua ile inastahili kusomwa kwa Kiswahili katika shule zetu. Iliandikwa kwetu, kutuhusu sisi.