Neno Zen na Safari Yake hadi Bonde la Naili

Katika darasa langu la Kiswahili hapa Juba, mwanafunzi mmoja, mtu mzima aliyepata kufanya kibarua cha ujenzi pamoja na wageni, aliandika insha fupi juu ya bwana mmoja Mjapani aliyeishi nao kambini. Sentensi moja ilisomeka hivi: "Kila alfajiri Mjapani aliketi akaabudu ukuta." Upatanisho wa kisarufi haukuwa na kasoro. Hata hivyo kalamu nyekundu ilinigandia mkononi, kwani nilijua kuwa yule bwana hakuwa akiabudu ukuta, na wala sikuwa na neno la kuliweka mahali pa hilo nililotaka kulikata. Ndipo nilipoonelea nitazame historia, nikitumaini kwamba walimu wenzangu nao watafaidika.

Shughuli aliyoiona mwanafunzi wangu huitwa zazen, maana yake kukaa kwa namna ya Zen. Mtu huketi juu ya mto mdogo wa duara, miguu ameikunja, mgongo wima, mkono wa kushoto juu ya wa kulia, ncha za vidole gumba zikigusana. Macho hayafumbwi kabisa, bali huteremshwa. Wafuasi wa madhehebu ya Soto huelekea ukuta. Wale wa Rinzai hukaa kwa safu wakielekeana. Anayeanza kujifunza huhesabu pumzi zake, moja hadi kumi, kisha hurudi kwenye moja. Na akipotewa na hesabu kwa sababu ya mawazo, huanza tena bila ya kujilaumu. Tangu zamani muda umepimwa kwa ubani wa kijiti unaoungua polepole, kadiri ya dakika 40. Katika kukaa huko hakuna kinachoombwa wala anayeombwa.

Neno lenyewe limetoka mbali. Katika Kisanskriti lilikuwa dhyana, nalo lilitaja hali ya akili iliyotulia na kukusanyika. Wachina, walioanza kutafsiri vitabu vya Kibudha katika karne ya 2, walilitamka channa, kisha wakalifupisha likawa chan. Wajapani wakalisoma zen, Wakorea seon, Wavietnamu thien. Sisi ambao tumelipokea neno "shule" kutoka kwa Wajerumani na kulivika sauti zetu, hatuna haja ya kustaajabu. Mapokeo ya Wachina humtaja mtawa Bodhidharma, aliyefika kwao kutoka magharibi katika karne ya 5 au ya 6, kuwa ndiye mwanzilishi wa njia hii. Na hekaya husimulia kwamba alikaa miaka tisa akiuelekea ukuta wa pango. Basi ule ukuta wa kambini una nasaba ndefu! Huko Japani, mtawa Eisai alirudi kutoka China mwaka 1191 akiwa na mafundisho ya Rinzai. Dogen, aliyezaliwa mwaka 1200, alikwenda China mwaka 1223, akarejea mwaka 1227, na baadaye, mwaka 1244, akaanzisha milimani nyumba ya watawa ijulikanayo leo kwa jina la Eiheiji. Dogen alishikilia jambo moja ambalo huwatatiza wageni: kukaa si ngazi ya kupandia kwenye mwangaza, bali kukaa kwenyewe, kukifanywa kwa moyo wote, ndio mwangaza.

Mzizi wa yote hayo ni Siddhartha Gautama, mwana wa ukoo wa watawala kaskazini mwa Bara Hindi, aliyeishi yapata karne ya 5 K.K. na kuitwa Budha, yaani Aliyeamka. Alifundisha kuwa maisha yamefungamana na dhiki, kwamba dhiki huletwa na tamaa na kung'ang'ania, kwamba yaweza kukoma, na kwamba iko njia ya kuikomesha yenye sehemu nane. Ya nane katika hizo ni utulivu wa akili, na hapo ndipo dhyana ilipo.

Je, mafundisho haya yamepata kufika upande wetu wa dunia? Wengi hudhani yameletwa juzi kwa ndege. La hasha. Mfalme Ashoka wa Bara Hindi, baada ya vita vya Kalinga katika karne ya 3 K.K., aliamuru maneno ya majuto yachongwe juu ya mwamba. Humo alikiri mwenyewe kuwa watu 100,000 waliuawa na 150,000 wakahamishwa kwa nguvu. (Ni wafalme wangapi wameandika idadi ya waliowaua, tena kwa kujuta?) Katika maandishi hayo hayo alidai kwamba ushindi wake mpya, ushindi wa uadilifu, umefika hadi kwa wafalme wa Kiyunani, akimtaja na Ptolemaio, mtawala wa Misri. Kwa hiyo jina la mtawala wa bonde la Naili limo katika maandishi ya Kibudha ya zamani kabisa tuliyo nayo, ingawa ni kwa kinywa cha mfalme anayejisifia.

Ushahidi wa pili ni wa kushikika. Mwezi Januari 2022, wachimbaji wa mambo ya kale katika bandari ya Berenike, pwani ya Misri ya Bahari ya Shamu, walipata katika hekalu la Isis sanamu ya Budha ya marumaru yenye kimo cha sentimita 71. Ilichongwa yapata karne ya 2. Merikebu za Berenike zilikwenda Bara Hindi na kurudi kwa pepo za msimu, jamaa za hizo kusi na kaskazi zilizovilea vyombo vya mwambao wetu.

Lakini ushahidi unipendezao zaidi ni wa tatu, kwa kuwa ni kazi ya mfasiri. Mwaka 1553 Enbaqom, mzaliwa wa Yemen aliyekuwa mkuu wa watawa wa Debre Libanos huko Ethiopia, alitafsiri kutoka Kiarabu hadi Kigeezi kitabu cha Baralam na Yewasef. Ni kisa cha mwana wa mfalme afichwaye ndani ya kasri asiione dhiki ya dunia, kisha akakutana na maradhi, uzee na mauti, akauacha ufalme. Msomaji amekwisha kumtambua: ni Budha mwenyewe. Jina lake pia linamfichua. Bodhisattva, yaani aliye njiani kuwa Budha, kwa Kiarabu alikuwa Budhasaf. Walimu mliosoma hati za Kiarabu mnajua kuwa herufi be ina nukta moja chini, na ye ianzapo neno ina mbili. Nukta ikazidi, Budhasaf akawa Yudhasaf. Wayunani wakamwita Ioasaf, Walatini Josaphat, nalo Kanisa likamhesabu miongoni mwa watakatifu wake. Hivyo Waethiopia, majirani zetu wa mashariki, walikisoma kisa cha Budha karne nyingi kabla ya Juba kuwa mji, bila ya kujua ni chake.

Katika zama za karibu habari ni fupi zaidi. Wasinhala wa Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka, walianzisha hekalu lao Dar es Salaam katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Nchini Uganda, Steven Kaboggoza, aliyekutana na watawa wa Kibudha alipokuwa akisoma India mwaka 1990, aliwekwa wakfu mwaka 2002 kwa jina la Buddharakkhita, na mwaka 2005 akaanzisha kituo cha Kibudha karibu na Entebbe, kando ya ziwa ambalo maji yake ndiyo yapitayo hapa Juba. Ifahamike kuwa huko Dar es Salaam na Entebbe hufuatwa Theravada, mapokeo ya kusini, na wala si Zen.

Wajapani wenyewe walifika Juba kwa wingi baada ya uhuru wa Julai 2011. Kikosi chao cha wahandisi wa kijeshi, watu wapatao 350, kilitumika chini ya Umoja wa Mataifa tangu mwanzo wa mwaka 2012 hadi Mei 2017, kikitengeneza barabara. Kilikuwapo mapigano yalipozuka Desemba 2013, na tena Julai 2016. Tusiseme kwa hayo kuwa Zen ilikuja na matingatinga. Wajapani wengi hawajapata kukaa zazen hata siku moja. Wala tusiwafundishe wanafunzi wetu kwamba dini hii haijui damu. Wakati wa vita vya Japani vya karne iliyopita, mashehe wengi wa Zen waliyabariki majeshi, na wengine walifundisha kuwa utulivu wa kikao ni silaha njema ya askari. Madhehebu ya Soto yalingoja hadi mwaka 1992 ndipo yakatoa tamko la kuungama kosa hilo. Upande wa pili, mtawa wa thien Thich Nhat Hanh alipokataa kuegemea upande wowote katika vita vya Vietnam, alijikuta ugenini tangu mwaka 1966 kwa miongo kadhaa. Kwa mji wenye makovu kama huu wetu, naona mifano yote miwili ni ya kusomeshwa, na ule wa kwanza kabla ya wa pili.

Tukirudi kwenye insha: neno gani lifaalo? "Tafakuri" na "taamuli" hudai kitu cha kufikiriwa, na anayekaa zazen hafikirii kitu makusudi. "Itikafu" ina heshima na ukimya, lakini ni ibada ya msikitini, si haki kuitwaa. "Sala" ina wa kusaliwa. Mimi naona zazen ibaki zazen, kama vile yoga ilivyobaki yoga, nacho kitenzi kiwe "kukaa", kwa maana ndivyo Wajapani wenyewe wasemavyo.

Nilikata "akaabudu ukuta", nikaandika pembeni "akakaa kimya akiuelekea ukuta". Mwanafunzi aliyasoma masahihisho yake, akaniuliza, "Kwa hiyo, mwalimu, alikuwa hafanyi kitu?" Nikampa swali hilo liwe insha ya juma lililofuata.