Tathmini ya Modeli ya Ubora wa Hewa

Ripoti ya mazingira ikisema modeli yake "imethibitishwa", msomaji huona kazi imekwisha: hesabu ni sahihi, kilichobaki ni kupitisha sera. Nadhani neno hilo linatupotosha, na katika uwanja huu linaweza kugharimu afya za watu. Istilahi inayofaa ni tathmini, na sababu zake zimo katika historia ya modeli zenyewe.

Modeli ya ubora wa hewa ni programu ya kompyuta inayofuatilia vichafuzi tangu vinapotoka kwenye chanzo, vinavyosafiri na kugeuka angani, hadi vinapotua ardhini au kuvutwa na watu. Nimechagua "modeli" kwa makusudi. "Mfano" umebeba maana nyingi mno, na "kielelezo" mahakamani ni kitu kinachotolewa kama ushahidi, jambo ambalo modeli siyo. Ndani ya modeli kubwa kama CMAQ, iliyotolewa na Wakala wa Mazingira wa Marekani mwaka 1998, anga hukatwa visanduku vilivyopangwa tabaka juu ya tabaka, kila kimoja kikiwa na upana wa kilomita kadhaa. Kwa kila kisanduku programu hukokotoa kilicholetwa na upepo, kilichomwagwa na magari, mitambo na misitu, kilichozalishwa au kuteketezwa na kemia, na kilichooshwa na mvua. Kisha husonga mbele dakika chache na kuanza upya.

Mtihani mgumu wa modeli hizi ni ozoni ya karibu na ardhi, kwa sababu hakuna ekzosi wala bomba la kiwanda linaloitoa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mwanakemia Arie Haagen-Smit alionyesha, akichunguza hewa ya Los Angeles, kwamba ozoni hiyo huzaliwa pale haidrokaboni na oksidi za nitrojeni zinapokutana chini ya jua. Hapo ndipo sera ilipoingia mashakani. Ukipunguza oksidi za nitrojeni mahali ambapo haidrokaboni ni chache, ozoni inaweza hata kupanda, maana nitriki oksidi yenyewe huila ozoni. Haidrokaboni zikiwa tele, kuzipunguza hakusaidii sana. Serikali inayotaka kujua ibane kipi haina budi kuiuliza modeli, na kwa miaka mingi jibu lililotawala Marekani lilikuwa haidrokaboni.

Mwaka 1987 watafiti walikwenda kupima kwenye handaki la barabara linalopita chini ya uwanja wa ndege wa Van Nuys, Los Angeles. Mbinu yao ilikuwa nyepesi: pima hewa inayoingia, pima inayotoka, hesabu magari yaliyopita katikati. Tofauti ni moshi wa magari halisi, yakiwemo machakavu na yasiyofanyiwa matengenezo, badala ya magari yanayopimwa maabara. Kaboni monoksidi ilikuwa takribani mara tatu ya ilivyokadiriwa, na haidrokaboni karibu mara nne. Oksidi za nitrojeni zilikaribiana na makadirio. Mwaka uliofuata William Chameides na wenzake walionyesha kwamba huko Atlanta miti yenyewe hutoa haidrokaboni nyingi kiasi cha kubadili hesabu nzima ya ozoni. Mwaka 1991 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani likahitimisha kwamba orodha za vyanzo, yaani makadirio ya kiasi ambacho kila chanzo hutoa, zilikuwa zimepunja haidrokaboni kati ya mara mbili na mara nne, na kwamba sehemu nyingi zilihitaji kubana oksidi za nitrojeni.

Linalotisha ni kwamba modeli zilizolishwa orodha hizo mbovu ziliweza kutoa ozoni iliyolingana vizuri na vipimo. Kosa moja lilifuta jingine: haidrokaboni chache mno kwenye vyanzo, kwa mfano, zinaweza kufidiwa na hewa iliyodhaniwa kujichanganya kwenye tabaka jembamba kuliko lilivyo. Ni kama muuza duka ambaye mizani yake inazidisha uzito huku bei aliyoikariri ikiwa chini: leo mteja analipa sawasawa, lakini bei ikirekebishwa kesho ataumia. Na sera ndiyo kubadili bei kwenyewe.

Mwaka 1994 Naomi Oreskes na wenzake wawili waliandika katika jarida la Science kwamba modeli ya mfumo wa asili ulio wazi haiwezi kuthibitishwa kuwa kweli, kwa kuwa daima kuna kinachoingia ambacho hatukukipima, na modeli mbili tofauti zinaweza kutoa jibu lilelile. Ndiyo maana nashikilia "tathmini". Kuthibitisha hufunga mjadala, ilhali kutathmini huanza kwa kuuliza modeli inafaa kwa kazi gani.

Mwaka 2010 Robin Dennis na wenzake waliigawa tathmini mafungu manne, ambayo kwa Kiswahili ningeyaita ya utendaji, ya uchunguzi, ya badiliko na ya uwezekano. Ya utendaji hulinganisha hesabu na vipimo, na kwa bahati mbaya wengi huishia hapo. Ya uchunguzi hufungua visanduku kuona kama jibu sahihi limetokana na sababu sahihi. Ya uwezekano hueleza tuwe na imani kiasi gani. Kwa mtunga sera, ya badiliko ndiyo yenye uzito kupita zote: moshi ulipopungua kweli, modeli ilisogea kama hewa ilivyosogea? Mitambo ya umeme ya mashariki mwa Marekani ilipobanwa oksidi za nitrojeni mnamo 2003 na 2004, watafiti walipata nafasi adimu ya kujaribu. Modeli ilionyesha ozoni ikishuka, lakini ikashuka kidogo kuliko vipimo vilivyoonyesha. Mtu angeisoma sera hiyo kwa modeli peke yake, angeiona dhaifu kuliko ilivyokuwa.

Kwetu Afrika Mashariki pengo kubwa liko kwenye orodha ya vyanzo: jiko la mkaa, taka zinazochomwa nyuma ya nyumba, magari yaliyoagizwa yakiwa yameshatumika miaka mingi. Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere umesambaza vihisi vya bei nafuu Kampala na miji mingine, vingine vikifungwa kwenye bodaboda. Vihisi hivyo husema hewa ikoje, lakini havitaji kiasi ambacho jiko moja hutoa. Kiasi hicho kinahitaji mtu wa kukaa kando ya jiko lenyewe na kupima.