Samaki Aliyeitwa Nairobi

Kuna samaki aliyewahi kubeba jina la mji huu. Mwaka 1911, mtaalamu wa samaki George Albert Boulenger, akiwa kazini katika makumbusho ya London, alimwandikia maelezo na kumpa jina la kisayansi: Barbus nairobiensis. Reli ilikuwa imefika hapa 1899, kwa hivyo mji wenyewe ulikuwa na miaka 12 tu. Mtoto wa darasa la sita, ukipenda, na tayari ana samaki wake.

Kiswahili kinatupa mzaha wa bure hapa. Samaki asiyeishi baharini tunamwita samaki wa maji baridi. Na Nairobi, kama kila mtu alivyofundishwa shuleni, imetokana na Kimaasai, Enkare Nairobi, maji baridi. Yaani kabla ya stesheni, kabla ya Moi Avenue na kabla ya kelele zote hizi, hapa palijulikana kwa kitu kimoja ambacho samaki anakihitaji.

Boulenger alikuwa Mbelgiji kwa kuzaliwa, na maishani mwake alielezea zaidi ya aina 1,000 za samaki, wengi wao akiwapokea wakiwa wamekufa ndani ya chupa. Shida ya kumjua samaki kupitia chupa ni kwamba huoni anakula wapi. Huyu wetu ana midomo isiyotulia. Wengine wana midomo minene yenye nyama, wengine mdomo wa chini una ncha ngumu ya kukwangua mwani kwenye mawe. Ukiwapanga mezani London, utaapa ni aina tofauti. Ndivyo ilivyokuwa: samaki mmoja wa mito ya Athi na Tana alipewa majina chungu nzima. Mwaka 1973 Keith Banister, wa makumbusho yaleyale, alichapisha mapitio marefu ya Barbus wakubwa wa Afrika Mashariki na Kati, na majina mengi yakapukutika. Leo samaki wetu anahesabiwa kuwa Labeobarbus oxyrhynchus, kwa kufuata jina lililotolewa na Mjerumani Georg Pfeffer mwaka 1889. Nairobiensis limebaki kwenye orodha ya majina yaliyostaafu.

Hilo la jina halinisumbui. Sayansi hufanya hivyo kila siku. Kinachonisumbua ni kwamba kwenye kipande cha mto kinachopita katikati ya mji, kuanzia daraja la Globe hadi Gikomba, sijawahi kuona dalili ya samaki mwenyewe.

Tumezoea kusema mto uliharibika "siku hizi", kana kwamba ni kosa la kizazi chetu na mifuko yetu ya plastiki. Historia haikubaliani. Mji huu uliota kama kambi ya reli kando ya kinamasi, watu wakaja kabla ya mabomba, na uchafu ukafuata mteremko. Mteremko wote wa Nairobi unaishia mtoni. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson aliletwa kuchunguza afya ya miji, na pendekezo lake kubwa lilikuwa kutenganisha watu kwa rangi. Wazungu wakawa juu, kule kwenye milima na hewa. Waafrika wakasukumwa mashariki, kwenye tambarare ambako mito inateremka ikiwa imeshatumika na kila mtu. Pumwani iko huko. Kwa hivyo mtu akikuambia watu wa mashariki ya mji ndio wachafu wa mto, mwambie aangalie ramani kwanza, maji yanatoka wapi yakielekea wapi.

Kuna mtu mmoja kwenye hadithi hii ambaye ningependa umjue, japo hapendezi. Ewart Grogan, mlowezi tajiri, ndiye anayetajwa kuleta mayai ya samaki aina ya trauti kutoka Scotland na kuwaweka katika mto Gura kule Aberdare, mwaka 1905. Alitaka wageni wavue kama wanavyovua kwao. Mwaka 1907 aliwachapa viboko Waafrika hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi. Na alimiliki ardhi kubwa ya kinamasi kando ya Mto Nairobi. Barabara iliyopewa jina lake sasa ni Kirinyaga Road, lakini ukimwambia fundi wa gari akuelekeze, bado atakuambia, "Shuka hapo Grogan." Trauti walipata mito safi ya milimani na wavuvi wa leseni. Samaki wa Mto Nairobi, ambaye hakuhitaji kuletwa na meli kutoka popote, alipata karakana na mafuta machafu ya injini.

Halafu kuna Nairobi Dam. Hili ni bwawa lililojengwa 1953 kwenye Mto Ngong, liwe akiba ya maji. Likawa pia mahali pa starehe, mashua za matanga na kadhalika. Mjomba wangu, aliyekulia Kibera, hasimulii mashua. Anasimulia perege. Walikuwa wakitumia uzi, pini iliyokunjwa na ugali wa jana, na jioni mama anakaanga. Ukimuuliza bwawa lilikufa lini, atakujibu, "Halikufa siku moja, mwanangu. Kwanza perege walikuwa wadogo. Halafu wakanuka. Halafu tukaacha." Baadaye gugumaji likafunika kila kitu, na leo mtu mgeni anaweza kupita Lang'ata akidhani ni shamba la majani.

Maneno ya mjomba yana sayansi ndani yake. Sumu za viwandani zipo, lakini muuaji mkuu wa samaki mjini ni wa kawaida zaidi: choo. Kinyesi kikiingia mtoni, bakteria hukila, na katika kula hutumia oksijeni iliyo ndani ya maji. Wakiwa wengi, oksijeni inakwisha. Samaki huyu wa mto unaokimbia ndiye wa kwanza kuondoka. Perege huvumilia kidogo. Kambare huvumilia zaidi kwa sababu ana kiungo maalum cha kuvuta hewa moja kwa moja kutoka juu ya maji. Wa mwisho ni gapi, yule mdogo mwenye mkia wa rangi, ambaye asili yake ni Amerika Kusini na ambaye alisambazwa duniani ili ale viluwiluwi vya mbu. Huyu hunywa tabaka jembamba la juu lenye oksijeni, ndiyo maana anaweza kuishi hata mtaroni. Kwa hivyo usikimbilie kupiga picha na kuposti "samaki wamerudi". Swali ni samaki yupi.

Na hapa ndipo nina ugomvi na namna tunavyofufua mto. Tunaanzia ukingoni. John Michuki, yuleyule wa mikanda na laini ya njano kwenye matatu, alipokuwa waziri wa mazingira kuanzia 2008 alisafisha kipande kati ya Museum Hill na Globe. Takataka zikaondolewa, miti ikapandwa, na alipofariki 2012 mahali hapo pakabaki na jina lake. Mimi hupapenda. Ni moja ya sehemu chache za katikati ya mji unazoweza kukaa chini bila kununua soda. Lakini bustani ni ya watu. Kivuli cha miti kinamsaidia samaki, kweli, kwa sababu maji yenye joto hubeba oksijeni kidogo, ila maji yanayopita chini ya kivuli hicho yanatoka mahali ambapo hakuna aliyefunga bomba.

London walipitia haya. Mwaka 1957 watafiti wa makumbusho ileile ya Boulenger walitangaza kwamba Mto Thames, kwa kilomita nyingi ndani ya mji, umekufa kibiolojia. Hawakuanza na maua. Walijenga upya mitambo mikubwa ya maji taka, Crossness na Beckton. Halafu Alwyne Wheeler, mtaalamu wa samaki wa makumbusho hayo, akapata mbinu ninayoipenda sana: vituo vya umeme vya kando ya mto vilikuwa vikivuta maji ya kupoza mitambo, na samaki walinasa kwenye vichujio. Akaanza kuhesabu walionaswa. Mwaka baada ya mwaka orodha ikarefuka. Mwaka 1974 akanaswa samoni. Watu wakasisimka, wakaanza mpango wa kumwaga samoni wachanga mtoni, miaka na miaka. Mwaka 2011 uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba samoni waliokuwa wakipatikana hawakutoka kwenye wale waliomwagwa, walikuwa wamepotea njia kutoka mito mingine. Gharama yote ile, na waliokuja walikuja wenyewe.

Nairobi ina bahati ambayo London ya 1957 ingeionea wivu. Mto wetu unaanzia kinamasi cha Ondiri, kule Kikuyu. Chini unaingia Athi, ambao unageuka Galana, kisha Sabaki, na kumwaga maji baharini karibu na Malindi. Samaki niliyemtaja bado yupo katika mfumo wa Athi. Hahitaji kuletwa kwa lori huku kamera zikimsubiri. Anahitaji njia iliyo wazi, oksijeni, na chini yenye mawe na kokoto, kwa sababu hapo ndipo anapopata chakula. Ndiyo maana kuta za mawe na zege zinanitia wasiwasi. Mto ulionyooshwa kama mtaro unapitisha mafuriko haraka, lakini hauna kona yenye maji tulivu, hauna mzizi wa kujificha, hauna mahali pa mtoto wa samaki.

Najua mtu wa Mathare akisoma hii atasema, huyu anaongea samaki na mimi sina nyumba. Ana haki. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, nyumba kando ya mito zilibomolewa Mathare na Mukuru, na kaya zikaahidiwa shilingi 10,000. Shilingi 10,000, Nairobi, na deposit. Neno "ukingo wa mto" likawa neno la kuogopwa. Ila bomba la choo lililopasuka linalomfukuza samaki ndilo hilohilo linalopita mbele ya mlango wa mtoto, na kulirekebisha hakuhitaji kumhamisha yeyote mbali. Tukiupima mto kwa upana wa nyasi, jibu la haraka litakuwa kuondoa watu. Ukiupima kwa samaki, lazima uulize kila nyumba, pamoja na zile za Kilimani na Westlands, choo chake kinaishia wapi.

Mwaka 2025 serikali ilizindua mradi mwingine wa kuufufua, safari hii ukiwa na mabomba mapya ya maji taka ndani ya mpango, na vijana wa Climate WorX wamekuwa wakizoa taka humo kwa mikono. Baadhi yao ni rafiki zangu. Wanaujua mto kuliko mtu yeyote mwenye ofisi: wanajua bomba gani hutoa maji meusi na saa ngapi, na rangi gani hushuka siku ya wikendi kiwandani kukiwa hakuna mkaguzi. Wapewe daftari, wavu na mita ya kupima oksijeni. Watafiti hupiga maji shoti ndogo ya umeme, samaki anazubaa, anahesabiwa, anapimwa, anarudishwa. Si kazi ya miujiza, na mtu hufundishika. Kituo kimoja kiwe juu huko Kikuyu, kingine Museum Hill, kingine baada ya Dandora, mara nne kwa mwaka kwa miaka kumi, na matokeo yabandikwe kwa chifu na mtandaoni.

Pa kupeleka samaki watakaopatikana papo. Makumbusho ya Taifa yana idara ya samaki na chupa zake, na kutoka lango lake hadi mtoni ni kuteremka tu, dakika chache kwa miguu.