Jozi Mbili za Waya wa Shaba
Mnamo mwaka 1962 mafundi wa simu wa Bell, huko Marekani, walianza kutumia njia ya tarakimu iitwayo T1, ambayo kwa jozi mbili tu za waya wa shaba, moja ya kupelekea na moja ya kupokelea, ilichukua mazungumzo 24 kwa wakati mmoja. Kila sauti ikipimwa mara 8,000 kwa sekunde, na jumla ya yote ikawa biti 1,544,000 kwa sekunde.

Hekima yao naistahi sana. Katika mashimo ya barabarani, kila baada ya futi 6,000 hivi, palikuwa na koili za zamani za kuisaidia sauti. Wakaziondoa, na mahali pale pale wakatia vyombo ambavyo haviukuzi mpigo wa umeme uliochakaa, bali huuunda upya, illa sifuri, yaani nafasi zisizo na mpigo, zikifuatana mno, vyombo hupoteza majira.

Baadaye njia hizo zilikodishwa kwa mabenki na maofisi, zikawa wazi usiku na mchana pasipo kupigwa namba. Na baina ya waya na mashine za aliyekodi kikawekwa kisanduku cha kutafsiri mapigo, ambacho fundi aliye mbali aliweza kukiamuru kirudishe ishara zilikotoka, ili ijulikane hitilafu iko upande gani.