WAZEE WASIO NA MTU
Khabari ya malezi ya wakongwe, tangu zama za Makhalifa hata Kampala yetu

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyetuumba katika udhaifu wa utoto, akatupa nguvu za ujana, kisha akaturudisha katika udhaifu na mvi. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baad. Ndugu zangu wa kamati wameniomba niandike maneno machache ya tarikh katika kitabu hiki cha ukumbusho. Nimefikiri niandike juu ya misikiti, au juu ya masheikh waliotutangulia. Walakini mambo hayo wengine wameyaandika vizuri kuliko mimi. Nimeona bora niandike juu ya jambo ambalo katika mikutano yetu hulitaja kwa haraka na kulipita, nalo ni khabari ya wazee wasio na mtu wa kuwatunza.

Kwanza sina budi kukiri kosa. Palikuwa na mzee mmoja, mshona kofia, ambaye kwa miaka mingi alikaa katika baraza moja chini ya soko la Nakasero. Watoto wake walikwisha kufa, mke wake pia. Alipopatwa na kiharusi alipelekwa hospitali, akatibiwa, kisha akaruhusiwa kurudi katika chumba chake cha kupanga, ilhali hawezi kujigeuza kitandani. Majirani walimpa uji walipokumbuka. Siku alipokufa tulichanga sanda upesi, na waliomsalia walikuwa safu saba. Lakini waliomtembelea alipokuwa hai waweza kuhesabiwa kwa vidole vya mkono mmoja, na mimi niandikaye maneno haya si miongoni mwao. Tulimchangia sanda, uji hatukumchangia. Tangu siku ile nimekuwa nikitafuta katika tarikh yetu: Je, Waislamu waliotutangulia nao walikuwa hivi?

Kabla ya kujibu yafaa tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kumtunza mzazi ni faradhi ya mtoto mwenyewe. Katika Suratul Israa Mola wetu ameweka wema kwa wazazi mara baada ya amri ya kumwabudu Yeye peke yake, na amekataza hata lile neno dogo la kuguna mbele yao wafikapo uzeeni. Faradhi hiyo haimtoki mtoto kwa kutoa fedha tu. Lakini mzee asiye na mtoto wala jamaa, huyo haki yake iko juu ya umma mzima. Hiyo ndiyo faradhi ya kifaya: wakiitimiza baadhi yetu, wote tumeokoka; asipopatikana wa kuitimiza, wote tuna dhambi, imamu na maamuma, tajiri na mchuuzi. Basi mtu asemaye kwamba nyumba ya wazee ni aibu kwa Waislamu, asema kweli ikiwa mtoto mwenye uwezo amemtupa huko mama yake ili apumzike naye. Lakini kwa mzee asiye na mtu, aibu ni kukosekana kwa nyumba hiyo.

Sasa tuitazame tarikh. Qadhi Abu Yusuf, aliyefariki mwaka 798, ameeleza katika kitabu chake cha Kharaj kwamba Sayyidna Umar bin Khattab alimkuta mzee kipofu akiomba mlangoni kwa watu. Alipomwuliza, akajua kuwa ni Myahudi, na kwamba uzee na kodi ndivyo vilivyomfikisha pale. Khalifa akamshika mkono, akampeleka nyumbani kwake, akampa alichokuwa nacho. Kisha akamwita mtunza Baitul Mali akamwamuru amtazame mzee huyo na walio mfano wake, wasitozwe tena kodi ile, kwani si uadilifu kula nguvu za mtu akiwa kijana na kumtupa akizeeka. Tazama, ndugu msomaji: khalifa hakumnyima kwa sababu ya dini yake, wala hakumwambia akatafute wanawe.

Baada ya zama hizo umma ulipokua na miji ikawa mikubwa, kazi hii ilibebwa na wakfu. Nuruddin Zanki alijenga hospitali Dameski mwaka 1154. Yasemekana kwamba Qalawun, alipokuwa amiri, aliugua katika mji huo, akapona kwa dawa za hospitali hiyo, akaweka nadhiri. Alipopata usultani, mwaka 1284 akajenga Kairo hospitali kubwa iliyopokea wanaume na wanawake, matajiri na maskini, na akaiwekea wakfu ili mapato yake yalipe matabibu, wauguzi, chakula na dawa. Na katika mji huo huo, mwaka 1285, binti wa Sultani Baybars alijenga ribati kwa ajili ya wanawake waliofiwa au kuachwa, wasio na pa kukaa, chini ya uongozi wa mwanamke mwenye elimu aliyeitwa Zainab al-Baghdadiya. Humo walilindwa, wakalishwa na kufundishwa dini. Karibu na zama zetu, Sultani Abdulhamid wa Pili alifungua Istanbul, mwaka 1896, nyumba ya wasiojiweza iitwayo Darülaceze. Ndani yake mna msikiti, na pia kanisa na sinagogi, kwa sababu wakongwe wa dini zote walipokelewa. Nyumba hiyo ingali inafanya kazi hata leo. Basi asije mtu akatuambia kwamba jambo hili tumeliiga kwa Wazungu.

Na huku kwetu? Uislamu ulifika Buganda mwaka 1844, pale Ahmed bin Ibrahim alipofika mbele ya Kabaka Suna wa Pili. Alifuatwa na wafanya biashara wengine wa njia ya Zanzibar na Tabora, miongoni mwao Snay bin Amir. Wageni hao hawakukuta nchi iliyowatupa wazee. Waganda walikuwa na ukoo, na ukoo ulikuwa ndio bima yao. Mjukuu alipelekwa kukaa kwa jjajja, akachota maji, akatafuta kuni, na usiku akasikiliza hadithi. Hivyo mtoto alilelewa na mzee naye alitunzwa, bila mtu kuandika sheria. Uislamu ulipoingia uliithibitisha desturi hiyo na kuipa thawabu. Kwa muda mrefu hatukuhitaji nyumba ya wazee kwa sababu kila nyumba ilikuwa na mzee wake.

Nini basi kilichoivunja? Kwanza ni mji wenyewe. Soko la Nakasero lilipohamishiwa mahali lilipo sasa mwaka 1927, vijana walikuwa wakija mjini kutafuta kazi na kurudi kwao. Polepole wakawa hawarudi, wakapanga chumba kimoja, na chumba kimoja hakina pembe ya kumweka jjajja. Pili ni misukosuko ya nchi. Agosti 1972 ndugu zetu wa asili ya Bara Hindi, ambao Waislamu wao walikuwa jirani zetu na wenye maduka katika mitaa ya chini ya kilima hiki, waliamriwa watoke katika muda wa siku 90, wazee kwa watoto. Ikaja vita ya 1979, kisha vita vya Luwero hata 1986. Tatu, na hili ndilo kubwa zaidi, ni maradhi ya ukimwi, ambayo yalionekana Rakai mwaka 1982 na kuenea nchi nzima. Maradhi haya hayakuchukua wazee. Yalichukua watoto wao. Kizazi cha katikati, kile kilichopasa kubeba wazazi mgongoni, kilikatwa. Bibi aliyetazamia kulishwa akarudi kulima ili awalishe wajukuu mayatima. Wajukuu hao wamekua, wengi wamekwenda mbali kutafuta riziki, hata nchi za Ghuba, na bibi amebaki. Basi usimwulize kwa haraka, "Wanao wako wapi?" Huenda wote wako makaburini.

Wenzetu walifanya nini? Nianze na Zanzibar, kwa kuwa ndiko njia ya Uislamu wetu ilikoanzia, na ndiko Mwanamfalme Nuhu Mbogo, mkubwa wa Waislamu wa Buganda, alikowekwa uhamishoni mwaka 1893 hata aliporudi 1895. Utumwa ulipofutwa huko mwaka 1897, wengi walioachwa huru walikuwa watu waliokwisha kutoa nguvu zao zote, hawana ukoo wala shamba. Walezo, nje kidogo ya mji, ikawako nyumba ya maskini na wakongwe iliyotunzwa na masista wa Kikatoliki kwa msaada wa serikali. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ya Sheikh Abeid Amani Karume ililichukua jambo la wazee kuwa lake, na nyumba za wazee zikawa Sebuleni na Welezo. Kisha Aprili 2016 serikali ya huko ilianza kumpa kila mtu aliyefika miaka 70 shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi, awe alikuwa mtumishi wa serikali au mvuvi. Na baadaye kiasi hicho kiliongezwa.

Hapa Kampala, mwaka 1978, wakati wa dhiki kubwa, Kardinali Emmanuel Nsubuga alianzisha nyumba ya Bakateyamba huko Nalukolongo, na akaunda shirika la masista wa kuihudumia. Hupokea wakongwe na vilema bila kuuliza dini. Papa Francis aliitembelea Novemba 2015. Nasema kwa insafu, kwani haki haifichwi: Wakristo hawa wametenda jambo ambalo sisi tuna dalili zake katika vitabu vyetu kwa zaidi ya miaka elfu. Si vizuri kuwaonea wivu kwa maneno. Wivu unaoruhusiwa ni ule wa kushindana katika kheri.

Serikali yetu nayo, tangu mpango ulipoanza mwaka 2010, imekuwa ikiwapa wazee shilingi 25,000 za Uganda kwa mwezi. Ulianza katika wilaya chache kwa waliofika miaka 65, na baadaye ukaenezwa nchi nzima kwa waliofika miaka 80. Twashukuru. Lakini shilingi hazimgeuzi mtu ubavu.

Na hili ndilo jambo ambalo wengi hawalijui mpaka liwafike. Kumtunza mkongwe si kumpa chakula tu. Asiyeweza kujigeuza hana budi kugeuzwa kila baada ya saa chache, mchana na usiku, ama sivyo hupata vidonda vya kulalia ambavyo huingia hata mfupani. Mwenye kisukari yapasa miguu yake iangaliwe kila siku. Aliyepatwa na kiharusi aweza kupaliwa na uji, hivyo hulishwa ameketi, kijiko kwa kijiko, bila kuharakishwa. Aliyepotewa na kumbukumbu huondoka usiku akitafuta nyumba aliyohama miaka arobaini nyuma. Haya ni elimu, nayo husomwa. Juu ya hayo Mwislamu ana haja zake: mwanamke auguzwe na mwanamke, maji ya udhu yapashwe moto, na asiyeweza maji aletewe udongo wa tayamamu, aelekezwe kibla asali kwa kuketi au kwa kulala, na asiyeweza kufunga akumbushwe fidia bila kuhuzunishwa. Nani atayajua haya tusipowafundisha mabinti na vijana wetu uuguzi?

Kwa hiyo naomba mambo matatu, wala si makubwa kupita uwezo wetu. La kwanza, kila msikiti uandike majina ya wazee wa mtaa wake waishio peke yao, na zamu za kuwatembelea, kama tuandikavyo zamu za futari. La pili, wenye maduka na nyumba za kupangisha waweke wakfu, japo kodi ya chumba kimoja, iwe ya malezi ya wakongwe tu. La tatu, tusomeshe wauguzi wachache kwa sharti kwamba watawatumikia wazee hawa majumbani mwao kwanza. Na fedha zikitosha, ndipo tujenge nyumba. Majengo bila wauguzi ni makaburi yenye madirisha.

Hospitali hazikosekani katika kilima hiki cha Nakasero, na twamshukuru Mungu kwa madaktari wake. Lakini hospitali humtibu mgonjwa kisha humpa ruhusa, na mkongwe hana ruhusa ya kuuacha uzee wake. Lile baraza la mshona kofia sasa lina mwenyeji mwingine. Yeye bado ni kijana, naye ataufikia uzee Mungu akipenda, kama sisi sote. Twamwomba Mola amrehemu marehemu yule, atusamehe tulichokosa kwake, na atujaalie tuwahi kwa uji kabla ya sanda. Amin.